Nimetuma video 17 na kuitwa mara tatu: je, nihamie Nairobi?

SWALI

Assalaam alaikum Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa baharia katika boti ya mjomba wangu inayovusha abiria baina ya Lamu na Mokowe. Shuleni nilikuwa mwigizaji na kundi letu lilifika tamasha la drama la kaunti, lakini sikuwahi kufikiri kwamba uigizaji ungeweza kunipa hata nauli.

Mwaka juzi walikuja watu kutoka Nairobi kupiga tangazo la majani ya chai katika ufuo wa Shela. Walihitaji mtu wa kupita nyuma ya waigizaji wakuu akiwa amebeba pakacha la samaki, nami nikapita, mara kumi na moja, kwa shilingi 3,000. Dada aliyekuwa akiwapanga waigizaji alichukua namba yangu, akanielekeza kwa wakala mmoja wa Nairobi, ambaye alipokea picha zangu na kuniandikisha bila kunitoza chochote. Tangu hapo wakala hunitumia maelezo ya matangazo yanayotafuta watu, nami hujirekodi kwa simu na kumrudishia. Nimezihesabu, na kufikia leo ni video 17.

Katika hizo 17 nimeitwa tena mara tatu. Mara ya kwanza lilikuwa tangazo la sabuni. Nilisafiri hadi Nairobi kwa gharama yangu, nikaigiza kwa dakika sita mbele ya watu wanne, nikarudi mikono mitupu. Mara ya pili lilikuwa la benki. Walinitazama kwa simu ya video, kisha wakala akaniambia kwamba tarehe zangu zimeshikiliwa na nisichukue kazi nyingine, lakini baada ya wiki mbili nikapata ujumbe wa mstari mmoja kwamba zimeachiliwa. Mara ya tatu ni sasa, kampuni ya rangi za nyumba. Tarehe zimeshikiliwa tena, na nimeambiwa nisinyoe ndevu wala nisikate nywele. Kazi pekee niliyolipwa tangu lile pakacha ni tangazo la redio la mbegu za mahindi, nililolisoma katika studio ndogo mjini Malindi kwa shilingi 8,000.

Mjomba amechoka. Anasema kila nikisafiri yeye hubaki bila mtu wa kushika kamba gatini, na kwamba ningekuwa wa kupata ningekwisha kupata. Rafiki yangu aliyeko Nairobi ananisihi nihamie tukae naye chumba kimoja, kwa kuwa kazi zote ziko huko, nami nina akiba ya shilingi 65,000. Mama hana neno na kazi yenyewe, ila amesema asije akaniona nimeshika chupa ya pombe au nimemkumbatia mke wa mtu.

Jambo la mwisho ni kwamba mwenye duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi mjini Malindi ameziona picha zangu, na anataka nipigwe picha na video fupi ya kutangaza bidhaa zake kwa shilingi 12,000. Amenipa karatasi ya ukurasa mmoja niitie saini kabla ya Ijumaa. Nimekutumia nakala yake pamoja na video zangu mbili. Nimefurahi sana, kwa kuwa hii itakuwa kazi ya kwanza ambayo uso wangu utaonekana. Je, nitie saini na pesa hizo nizitumie kuhamia Nairobi, au nimsikilize mjomba niache?

Baharia, Langoni


JIBU

Waalaikum salaam, mwanangu.

Usiache, usihame, na karatasi hiyo usiitie saini kama ilivyo. Nitaanza na karatasi kwa sababu ndiyo yenye haraka.

Umeandika kwamba utatangaza "bidhaa zake", kana kwamba bidhaa za duka la ujenzi zote ni kitu kimoja. Nimeisoma nakala uliyonitumia. Imetaja saruji, mabati, matangi ya maji na, katika mstari wa nne, rangi. Lau ungeitia saini leo, wiki ijayo kampuni ya rangi ingekuuliza swali ambalo mwigizaji wa matangazo hutarajia kuulizwa kabla ya kuthibitishwa: je, uso wako umewahi kutumika kutangaza bidhaa kama yetu, na je, tangazo hilo bado linaonyeshwa? Ungelazimika kujibu ndiyo, na jibu hilo lisingebadilika hata uwe babu, maana karatasi inasema picha zitatumika "kwa muda wote, mahali popote na kwa njia yoyote ile". Kwa shilingi 12,000 ungekuwa umejifungia mlango wa kampuni ya rangi inayokusubiri sasa hivi, na pengine milango ya wauza saruji na mabati watakaokuja baadaye.

Mwenye duka simdhanii ubaya. Karatasi za namna hii hunakiliwa kutoka ofisi hadi ofisi, na mara nyingi anayeitoa hajaisoma kwa makini kuliko anayepewa. Lakini ni lazima uelewe kwamba malipo ya tangazo yana sehemu mbili, hata pale yanapotajwa kwa mkupuo mmoja. Kuna malipo ya siku, ambayo ni ujira wako wa kusimama mbele ya kamera, na kuna malipo ya matumizi, ambayo ni kodi ya uso wako kwa muda fulani, katika eneo fulani na kwa vyombo fulani. Picha inayobandikwa ndani ya duka kwa miezi sita haiwezi kuwa na bei moja na picha inayosimamishwa kwenye bango la barabara kuu kwa miaka miwili, ingawa zote zilipigwa asubuhi ile ile na kwa shati lile lile. Ukiona karatasi haisemi muda, eneo wala vyombo, ujue umelipwa siku tu na matumizi umeyatoa sadaka.

Kwa hiyo nenda ukamwone mwenye duka uso kwa uso, kwa heshima, kabla ya Ijumaa. Mwombe rangi iondolewe katika orodha na pia isionekane nyuma yako kwenye picha, kwa sababu kopo moja likionekana kwenye rafu litatosha kuleta maneno. Mwombe matumizi yawe ya miezi sita, ndani ya Kaunti ya Kilifi, dukani na katika kurasa za mtandao za duka hilo pekee, na kwamba akitaka kuendelea baada ya hapo mtazungumza upya. Mfanyabiashara wa Malindi asiyeuza Kisumu hapotezi chochote kwa masharti hayo. Kabla ya yote mpelekee wakala wako nakala, maana huenda mlikubaliana kwamba kila kazi ya tangazo ipitie kwake, nawe umesahau.

Huenda mtu akakwambia usijali, sheria itakulinda. Ni kweli kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi, na kwamba Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data imekwisha kuziamuru biashara kadhaa ziwalipe fidia watu ambao picha zao zilitumika kutangaza bidhaa bila idhini yao. Tatizo ni kwamba hao walishinda kwa kuwa hawakuridhia. Wewe ukitia saini, karatasi hiyo ndiyo ridhaa yenyewe, na kazi ya kuipinga itakuwa ngumu zaidi kuliko kazi ya kuirekebisha leo kwa kalamu.

Sasa nije kwenye hesabu yako ya video. Umehesabu 17 ukapata kazi sifuri, mjomba naye amehesabu vivyo hivyo. Mimi nimehesabu 17 nikapata kuitwa mara tatu, na katika hizo tatu kushikiliwa tarehe mara mbili mfululizo, na nakwambia bila kukubembeleza kwamba ningeridhika na hesabu hiyo kwa mtu aliyeanza miaka mitano iliyopita, sembuse wewe. Fikiria safari ya video moja. Mwenye bidhaa huagiza tangazo kwa shirika la kubuni matangazo, shirika hulikabidhi kwa mtayarishaji, mtayarishaji humtafuta mwelekezi na mtu wa kuchagua waigizaji, naye ndiye anayewaandikia mawakala. Video yako hupanda ngazi hizo zote kurudi juu. Ukiitwa tena, maana yake ni kwamba mwelekezi ameuona uso wako, akasema huyu nataka kumwona akifanya tena, na pengine kwa namna nyingine. Tarehe zikishikiliwa, maana yake ni kwamba jina lako limewekwa mezani mbele ya mteja, kwa kawaida likiwa pamoja na jina la mtu mmoja au wawili wengine kwa nafasi hiyo hiyo. Si ahadi, na kwa kawaida kushikiliwa huko hakulipwi. Lakini kuanzia hapo sababu za kukosa mara nyingi hazikuhusu wewe: mtoto aliyechaguliwa kuwa mwanao ni mweupe kuliko wewe, mke wa kwenye tangazo amekuzidi urefu, au mkubwa fulani wa kampuni ameona unafanana na shemeji yake. Hilo la shemeji silitungi, nililishuhudia.

Nimezitazama video zako mbili, kila moja mara nne. Katika ile ya sabuni umesimama ndani, mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na mlango wa kiwandani, yaani wa ua wa ndani ya nyumba, uko upande wako wa nyuma. Naelewa kwa nini ulichagua pale, kwa kuwa zidaka ndizo fahari ya nyumba, lakini simu imeupima mwanga wa mlangoni ikakuacha wewe kivuli, na anayetazama anahesabu sahani za bibi badala ya kukutazama wewe. Toka usimame kiwandani kwenyewe, mwendo wa saa mbili au saa tatu asubuhi kabla jua halijaingia moja kwa moja, mgongo kwenye ukuta mtupu wa chokaa. Kuta zile ndefu hupokea mwanga wa juu na kuushusha laini usoni, na studio hugharamia taa na vitambaa ili kuupata mwanga kama huo. Ubaya wa kuta hizo ni mwangwi, kwa hiyo tandika mikeka chini na utundike blanketi au leso mbili tatu nyuma ya simu, mahali ambapo kamera haioni. Simu ilale kwa upana, iwe usawa wa macho. Kiti cha enzi kikiwekewa ndoo iliyofudikizwa juu yake kinafaa kabisa, mradi babu hayupo. Anza kwa kujitambulisha jina, urefu na mahali ulipo, ugeuke kulia na kushoto, uonyeshe mikono pande zote, kisha ndipo uigize. Mikono yako ya kamba usiifiche. Kampuni ya rangi inatafuta mikono ya mtu anayefanya kazi.

Katika video ya rangi, kwenye sekunde ya 12, punda analia nje. Ulinyamaza, ukageuza macho kidogo upande wa sauti, ukatabasamu kama mtu anayemjua punda huyo na mwenyewe, kisha ukaendelea na maneno pale pale ulipoyaachia. Siwezi kuapa, lakini nadhani sekunde hiyo ndiyo iliyokufanya uitwe, kwa sababu kwingine kote unaigiza kama uliyesimama kwenye jukwaa la tamasha, ukiirusha sauti hadi kwa waliokaa safu ya mwisho. Kamera iko hatua mbili kutoka kwako, na kazi kubwa hufanywa na macho. Jizoeze hivi: mimina chai, inywe mbele ya simu mara ishirini, na baada ya kila funda useme sentensi moja tu. Ukijitazama utaona kwamba mara kumi za kwanza unatabasamu kabla hujameza. Hakuna anayefurahia chai ambayo haijapita kooni, na mtazamaji huhisi uongo huo hata kama hawezi kuueleza. Siku ya kazi yenyewe utalirudia tendo kama hilo mara thelathini au zaidi, ndiyo maana katika matangazo ya vyakula huwekwa ndoo ya kutemea pembeni, nje ya picha.

Kuhusu Nairobi, rafiki yako anasema kweli nusu. Mashirika na watayarishaji wengi wako huko, lakini duru ya kwanza ya uteuzi unaifanya kwa simu, na umeshaona kwamba video yako hufika bila wewe. Shilingi 65,000, ukitoa mchango wa kodi, chakula na nauli za kila siku za mjini, sioni zikivuka miezi mitatu, na mtu aliyeishiwa pesa huigiza kwa hofu inayoonekana usoni. Zitenge pesa hizo ziwe nauli ya kuitikia wito. Ukiitwa ana kwa ana, muulize wakala kwanza kama nauli itarejeshwa na kama wataridhika kukuona kwa video kama walivyofanya wale wa benki. Ikilazimika, panda basi la asubuhi kutoka Mokowe hadi Mombasa, kisha treni ya SGR ya usiku, utafika Nairobi kabla hakujapambazuka na kurudi bila kulipia kitanda. Tangu treni za SGR zianze mwaka 2017, mwigizaji wa pwani hana tena sababu ya kuhama ili aonekane.

Zaidi ya hayo, kuishi Lamu ni mtaji. Kikosi kinachokuja kupiga tangazo Shela, Watamu au Malindi hulipia usafiri na malazi ya kila mtu kinayemleta, na mwigizaji aliyepatikana hapo hapo humpunguzia mtayarishaji gharama. Katika fomu yako kwa wakala andika kwamba unaweza kufika Lamu, Malindi na Kilifi kwa gharama yako, kwamba unaendesha boti, unatweka tanga na unaogelea. Andika pia kwamba unaijua bahari. Mwelekezi kutoka bara anaweza kupanga kupiga picha kwenye njia ya ufuoni kati ya mji na Shela alasiri ya siku ya bamvua, maji yanapojaa sana, bila kujua kwamba njia hiyo itakuwa chini ya maji. Yule kijana wa pakacha aliyewaonya mapema ndiye watakayemtafuta mara ya pili.

Tangazo la mbegu umelipita haraka mno katika barua yako. Redio ndiko ambako lugha yako inaweza kukulipa mapema kuliko uso. Tangazo la sekunde 30 halibebi zaidi ya maneno 60 hivi ya Kiswahili kwa mwendo wa kawaida, na msomaji anayeyatamka yote sawasawa bila kukimbia si rahisi kumpata. Nyumbani endelea kusema "ndia" na "mato", lakini studioni useme "njia" na "macho" bila kujikwaa, na uweze kurudi kwenye Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, mwelekezi akikitaka. Mwombe mwenye studio ya Malindi nakala ya kazi yako, uitumie kama sampuli, na umwulize kila mwezi kama kuna jambo. Malipo ya kazi hizi hukawia, wakati mwingine siku 60 au 90 baada ya ankara, na yanapolipwa kama ada ya kitaaluma huweza kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Uwe na PIN, namba ya mlipakodi, ya Mamlaka ya Mapato, KRA, na uidai hati ya makato.

Wakala wako amekuandikisha bure, na hiyo ni dalili njema, kwa kuwa wakala wa kweli hula kamisheni kutoka katika kazi aliyokupatia. Jina lako likianza kujulikana watajitokeza wengine watakaotaka ada ya usajili au ya mafunzo ya lazima, hao waage. Akija mtu na tangazo bila wakala, muulize kuhusu leseni ya kupiga filamu inayotolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Mtayarishaji halali hakasirikii swali hilo.

Mjomba wako, kwa ninavyomsoma, hana ugomvi na sanaa. Ana ugomvi na kubaki gatini bila mtu wa kamba. Mtafute baharia wa badala mnayemwamini, mkubaliane ujira wake wa siku, na siku utakayosafiri umlipe wewe kutoka akiba yako badala ya kumwachia mjomba hasara. Ukimpelekea mpango huo pamoja na tarehe, badala ya kumpelekea habari jioni ya kuamkia safari, naamini maneno yake yatapungua.

Sharti la mama ni jepesi kulitimiza. Mwandikie wakala leo kwamba hufanyi pombe, hufanyi kamari, na huigizi matendo ya kugusana na mwanamke. Utapoteza baadhi ya kazi, sitakuficha, lakini ni afadhali kuzipoteza kwenye fomu kuliko kukataa mbele ya kamera watu arobaini wakiwa wamesimama wanakungoja.

Nenda Malindi kabla ya Ijumaa ukaizungumze hiyo karatasi. Na ndevu usiziguse, hata wenzako wakikucheka gatini, mpaka wakala akwambie kwa maandishi kwamba tarehe zimethibitishwa au zimeachiliwa.